Ndovu wa Unguja: niliyowaambia waongoza wageni wapya wa Mji Mkongwe

Assalaamu alaikum, na sabalkheri nyote. Wakubwa zangu mliokaa hapa mbele shikamooni, na nyie vijana mliopewa vitambulisho juzi hongereni sana, kazi mliyoichagua ni ya heshima ingawa wengi mtaani wanaona ni kazi ya kutembea tu na kunyoosha vidole. Nimeambiwa niseme kidogo kuhusu siti tua, yani ile ziara ya miguu ndani ya Mji Mkongwe, na mie nimeifanya kazi hii tangu wanawake tuliokuwemo tukihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo nitasema nnachokijua na nitakisema kama ninavyosema nyumbani.

Nianze na ndovu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na wageni sita hivi, tumesimama Kiponda mbele ya mlango mkubwa wenye misumari ya shaba, ile iliyotokeza nje ina ncha, na mie nikawaeleza vile vile nilivyowasikia wenzangu wakieleza, kwamba misumari ile iliwekwa ili ndovu wasiuvunje mlango kwa vichwa vyao. Wageni wakafurahi, wakapiga picha, mmoja akaigusa ncha kwa kidole. Pembeni kwenye baraza alikuwepo mzee mmoja na kikombe chake cha kahawa, akanisubiri mpaka nikamaliza, ndo akaniita, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, njoo." Nikenda. Akanambia, "Hebu nambie, katika Unguja hii, ndovu alipita mtaa gani?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi waambie wageni ukweli, mana wao wameulipia." Nikarudi pale pale nikawaambia wageni kwamba nimekosea, na mpaka leo nikipita njia ile namuombea dua mzee yule, Mungu amrehemu.

Ukweli wenyewe ni kwamba misumari ile ni mtindo wa Bara Hindi, huko ndiko kwenye ndovu na huko ndiko ilikosemwa kwamba inawazuia, ikaja huku na wafanyabiashara na mafundi wao, na ilipofika huku ikawa pambo na fahari, mtu anaonesha kwamba anao uwezo wa kuipamba nyumba yake kwa shaba. Sasa niambieni nyie, hadithi ipi kubwa, ile ya ndovu wa uongo au hii ya msumari uliovuka bahari kwa jahazi na upepo wa kaskazi mpaka ukafika Kiponda? Mie hii ya pili ndo huniacha hoi kila siku. Na ndo nnachotaka kusema leo, hakuna kingine: tukisimama mbele ya ukuta au mlango tuseme kile kilichopo, tusiseme kile tunachodhani mgeni anataka kukisikia, kwa sababu mji huu umejaa vya kweli vya kutosha, hauhitaji kuazima uongo.

Tubaki kidogo kwenye milango mana ndiyo inayopigwa picha kuliko kitu chochote. Ukisimama mbele ya mlango anza na umbo, kabla hujaenda kwenye maua. Mlango wa zamani wa mtindo wa Kiarabu kizingiti chake cha juu kimenyooka, na mara nyingi pale juu pana maandishi yaliyochongwa, aya za Qurani, wakati mwengine na mwaka wa Hijria, na kama mwaka upo mfundisheni mgeni kuusoma, atafurahi kuliko mkimpa hadithi kumi. Ile yenye upinde juu, nusu duara iliyojaa majani na maua, hiyo ndo imekuja baadae kwa mvuto wa Kihindi, na ilipendwa sana mwishoni mwa karne ya 19. Halafu muoneshe mfaa, ule mti wa katikati unaosimama pale mbao mbili za mlango zinapokutana, mana mgeni akiambiwa unaitwa mfaa na akauweka mkono, ameshaondoka na neno moja la Kiswahili ambalo halimo kwenye fulana za dukani. Miimo ya pembeni nayo iangalieni kuanzia chini kwenda juu, utakuta samaki kwa chini, maji kama mawimbi, halafu shina linapanda, majani, mpaka ua. Ukienda Darajani na mitaa ya maduka utaona milango mengine kabisa, ile ya kukunjika vipande vipande, haina nakshi nyingi, hiyo ni milango ya maduka ya Wahindi wa Gujarat, inafunguka duka zima liwe wazi asubuhi na jioni inarudi kuwa ukuta. Wengi wenu mnaipita bila hata kuitazama na hapo ndipo mnapokosea, mlango ule unaeleza biashara ya mji huu kuliko mlango wa tajiri.

Na mnyororo. Mnaijua ile nakshi ya mnyororo inayouzunguka mlango ukingoni, na mnajua wanavyosema, kwamba nyumba yenye mnyororo ni nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Nawaomba muwe waangalifu sana hapa. Mnyororo ule upo pia kwenye milango iliyochongwa miaka mingi baada ya soko la watumwa kufungwa, na wachongaji wanaueleza kama kinga, kitu cha kuilinda nyumba na wanaokaa ndani. Familia zipo hai, zinakaa mle ndani, watoto wanatoka na mikoba ya skuli huku wewe nje unawaambia wageni kumi na mbili kwamba babu wa watoto hawa aliuza watu, na ushahidi wako ni mbao tu. Hilo si jambo dogo.

Si kwamba tuifiche biashara ile, hasha. Tuna mahali pake, Mkunazini, na pale naomba mpunguze mwendo kuliko mahali pote. Soko lilifungwa tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba huku Waingereza wamemkalia shingoni, na mwaka ule ule wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja wa soko, kazi ikisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambae ndie pia aliefanya kazi kubwa kwenye tafsiri ya Biblia kwa Kiswahili na kuandika sarufi ya lugha yetu. Madhabahu, kwa mujibu wa mapokeo ya kanisa, ipo pale pale ulipokuwepo mti wa kuchapiwa watumwa viboko, na sakafuni pana duara la marumaru la kuonesha mahali hapo. Askofu mwenyewe alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Karibu na mlango wa kuingilia kuna nguzo zimewekwa kichwa chini miguu juu, na wanasimulia kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu akiwa safarini, aliporudi akaziacha. Msiwaambie wageni, waacheni wazione wenyewe, subirini, yuko mmoja kila mara ataona, na uso wake ukibadilika ndo mnahadithia. Na kuna msalaba mdogo wa mbao, mbao ile inatokana na mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake alipofariki 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa.

Nje, uwanjani, kuna lile shimo lenye watu watano wa mawe, kazi ya mchongaji wa Sweden Clara Sörnäs, imekuwepo tangu 1998. Watu watano wamesimama ndani ya shimo, vichwa vyao viko karibu na usawa wa miguu yako wewe unaetazama, na shingoni wamevishwa mnyororo wa chuma halisi, si wa kuchonga. Mie pale sisemi kitu. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi nilikuwa naeleza, naeleza, mpaka siku moja mama mmoja mtalii akanishika mkono kwa upole nikanyamaza, na ule ukimya ukafanya kazi ambayo maneno yangu yote hayajawahi kuifanya. Siku hizi nawaambia jina la mchongaji na mwaka kabla hatujafika, tukifika nasimama nyuma yao. Akitaka mtu kupiga picha apige, lakini kupanda kwenye ukingo na kuchekea kamera, hapana, mzuieni, na msiogope kukosa bakhshishi.

Sasa kuna vile vyumba vya chini pale pale, kwenye jengo la jirani, ambavyo wageni wote wanaingizwa wakiinama na kuambiwa hapa walifungwa watumwa, huku wanaume, huku wanawake na watoto. Jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wa hapa hapa kwetu, Profesa Abdul Sheriff mmoja wao, wanaopinga kwamba vyumba vile vilikuwa vya watumwa. Mie nawaambia wageni hivyo hivyo, kwamba wengi wanasimulia hivi na wanahistoria wanasema hivi, jengo ni la baadae. Wapo waongozaji waliokasirika na mie kwa hilo, wameniambia naharibu biashara. Lakini hebu fikirieni, maelfu ya watu walipitishwa kwenye uwanja ule wakiuzwa mchana kweupe, hilo halina ubishi, lina mikataba na barua na mashahidi, mateso yale yanajitosheleza. Ukiongeza kitu ambacho kesho mtu atakuja kukivunja kwa ushahidi, atavunja na kile cha kweli ulichokisema pamoja nacho.

Haya, kuta. Hapa wengi wenu mnapita haraka kwa sababu ukuta haung'ari. Nataka kila mmoja wenu awe na ukuta wake mmoja uliobanduka lipu, ajue uko wapi, awapeleke wageni pale wauone mwili wa mji. Mie wangu uko kwenye kichochoro nyuma ya Hurumzi, lipu imeanguka kiasi cha mlango mzima, na ndani unaona mawe ya matumbawe yenye vitundu vitundu, mengine bado yana umbo la tumbawe lenyewe kama lilivyokuwa baharini, yamepangwa na udongo mwekundu na chokaa. Chokaa ile nayo ni tumbawe, limechomwa kwenye tanuu la magogo ya mnazi mpaka likawa unga. Yani nyumba nzima ni bahari iliyopandishwa juu. Juu kidogo unaona ncha za boriti zimetokeza, miti ya mikoko iliyokatwa kwenye mikoko ya pwani, na hapo ndo muulize wageni, mmeona vyumba vya nyumba hizi vilivyo vyembamba na virefu? Kwa sababu boriti haibebi zaidi ya mita mbili na nusu, tatu, kwa hiyo mti wa mkoko ndio uliopima chumba cha bwana na chumba cha mtumwa, sote tumelala chini ya kipimo kimoja. Mgeni akishaelewa hilo, kila nyumba atakayoingia baada ya hapo atatazama dari kwanza.

Na ukuta ule ule unaonesha maradhi ya mji. Chokaa inapumua, maji yakiingia yanatoka. Akija mtu na saruji akapiga lipu ngumu juu ya ukuta wa chokaa, maji yanafungiwa ndani, chumvi inakula mawe taratibu, udongo unalainika, ncha za boriti zinaoza ndani kwa ndani huku kwa nje ukuta umepakwa rangi nzuri kabisa mnauona mzima. Halafu mfereji wa bati umetoboka, mbegu ya mti imeota ufani, mizizi imeingia. Nyumba haianguki siku moja, inaanguka kwa miaka ishirini, siku ile ya mwisho ndo tunaisikia kishindo.

Nnasema haya kwa sababu ya Beit al-Ajaib, na nikilitaja jina hili mnisamehe sauti yangu. Barghash alilijenga mwaka 1883, jumba la sherehe, nguzo za chuma, roshani zinazunguka pande zote, lilikuwa la kwanza kuwa na taa za umeme hapa kwetu na lifti ya kwanza Afrika Mashariki, ndo mana watu wakaliita la ajabu. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zikapiga mizinga mbele yake, vita vya dakika kama 38, kasri la jirani yake Beit al-Hukm likasambaratika, lile la Ajaib likasimama. Mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika, ndo baadae likajengewa mnara wa saa. Likasimama miaka 124 baada ya mizinga. Halafu tarehe 25 Disemba 2020, mchana, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wake wa saa, ukarabati ukiwa unaendelea, na watu wakapoteza maisha. Mie nilikuwa Malindi, nikaona watu wanakimbilia Forodhani, na vumbi jeupe, chokaa ile ile, limetanda juu ya bustani.

Najua wengi mnaambiwa mlipite haraka mana si picha nzuri. Msilipite. Simameni pale, waambieni lilikuwaje, lilijengwa na nini, lilistahimili nini, halafu waambieni kilichoonekana miaka mingi, maji yakiingia, nyufa, sehemu zilizofungwa kabla hata ya siku ile. Mizinga ya manuari haikuliangusha, maji ya mvua ndo yaliyolidhoofisha miaka mingi, na mgeni akisikia hivyo pale pale mbele ya uzio atauelewa ule ukuta wako wa kichochoroni bila wewe kuongeza neno.

Ngome Kongwe hapo jirani ni nyepesi kueleza, nitapita mbio: Waomani waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, ikawa ngome, ikawa jela, ikatumika mpaka kwenye mambo ya reli ya Bububu, sasa ni uwanja wa ngoma na filamu. Zahanati ya zamani, lile jumba la kijani na nyeupe la Malindi linalotazama bandari, hilo mlipe muda zaidi. Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, aliliwekea jiwe la msingi 1887 kwa jubilei ya Malkia Victoria, likusudiwe hospitali, akafariki 1891 bila kuliona limekwisha. Tazameni roshani zake, mbao zimetobolewa kama lesi ya kitambaa, vioo vya rangi, nakshi ya plasta, ni India na Ulaya zimekaa kwenye uso mmoja. Lilichakaa kupita kiasi, miaka ya 1990 likakarabatiwa na mfuko wa Aga Khan wa utamaduni, na hilo nalo mliseme, mana wageni wasiondoke wakidhani sisi tunajua kuangusha tu.

Nna jambo na Barghash, nampenda na simpendi, nyie wenyewe mtaamua. Alipokuwa kijana aligombea ufalme akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, na kule akaona mji wenye maji ya mfereji na majumba ya umma. Akarudi na yote yale kichwani, na aliposhika ufalme 1870 akaleta maji kwa mifereji kutoka chemchem nje ya mji, akajenga Hamamni, bafu za kwanza za umma, akawaita mafundi wa Kishirazi kuzijenga. Ukiingia Hamamni leo bafu ni kavu, lakini simameni chini ya kuba, mpate kuona yale matundu ya juu mwanga unavyoshuka kama fimbo nyeupe mpaka sakafuni, mara nyingi saa nne za asubuhi ndo pazuri, nenda saa hiyo. Wageni wataanza wenyewe kunong'ona. Hapo ndo pa kueleza kwamba mji ule uliowapa maji watu wake ulikuwa unakula kwa karafuu, na karafuu zilichumwa na mikono ya watumwa. Yote mawili ni Barghash, usimpe mgeni nusu.

Sasa watu. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini watu wanalala humo, wanafua humo, wanafiwa humo. Mkipita kwenye baraza salimieni, na si "jambo" ile ya watalii, toeni salamu yenu kamili, assalaamu alaikum, mzee shikamoo, mumeamkaje, mgeni atasimama kidogo atasubiri, haidhuru, huko kusubiri ni sehemu ya ziara. Baraza zile za mawe zilijengwa nje ya nyumba ili mwenye nyumba apokee watu bila kuwaingiza ndani kwa wanawake, na mpaka leo ndo bunge letu, Jaws Corner mnajua wenyewe, kahawa, dhumna, siasa. Ukipitisha watu kumi na tano mbele ya baraza bila salamu umewapitisha barazani kwa mtu, ndani ya nyumba yake. Mie siendi na zaidi ya wanane, vichochoro havina nafasi, na wa nyuma hawasikii kitu.

Wakati wa adhana nyamaza. Ijumaa mchana usikae Malindi karibu na msikiti wa Ijumaa na kundi la watu wenye kaptura, peleka ziara yako asubuhi. Mnara wa msikiti wa Malindi, ule uliochongoka juu kama pia iliyopinduliwa, ni wa nadra sana pwani yote hii, unaonekana vizuri kutoka njiani, hakuna haja ya kumsogelea anaetawadha. Na picha za watu, uliza kwanza. Bibi mmoja Sokomuhogo aliwahi kunambia, "Mwanangu, mie si mlango." Nimeishika hiyo.

Kwa sisi wanawake, na nawaona mabinti watatu hapo nyuma, kuna kitu sisi tunaweza ambacho kaka zetu hawawezi. Nyumba ya Kiarabu kwa nje ni ukuta mtupu, madirisha madogo na ya juu, uzuri wake wote umo ndani, kwenye ua, kwenye ngazi, kwenye zidaka zile za ukutani za kuwekea sahani za kichina na taa. Mwanamume haingii kule hovyo. Mie nina nyumba mbili ambazo bibi wenyewe wananikaribisha, nikenda na wageni wanawake tu, tunapiga hodi, tunavua viatu, tunakaa uani, na hapo ndo wanaelewa kwa nini kichochoro ni chembamba na kuta ni nene, mana jua la saa saba limeachwa nje na uani pana baridi ya kisima. Ukilinganisha na nyumba ya Kihindi ya mtaa wa pili, duka chini, familia juu, roshani inatazama njia, inataka ionekane, utaona watu wawili wenye mawazo mawili tofauti kuhusu nini kionekane na nini kifichwe, na nyumba zao zimegusana ukuta kwa ukuta. Jengeni uhusiano na wenye nyumba, taratibu, chukueni mwaka mzima, msiende kwa pesa.

La sanaa nalo. Mtapita Gizenga na mtaona picha za tingatinga zimejaa ukutani, simba, twiga, Wamasai wekundu, na mgeni atauliza kama ni sanaa ya Zanzibar. Mjibuni sawa sawa: mtindo ule aliuanzisha Edward Saidi Tingatinga, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, akichora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya mraba, akafariki 1972, na wanafunzi na ndugu zake wakauendeleza. Ni sanaa ya kweli ikichorwa na mchoraji wa kweli. Mgeni akitaka sanaa iliyozaliwa kwenye vichochoro hivi mpelekeni kwa mafundi wa nakshi, wapo wanaochonga bado, msumeno, patasi, nyundo ya mti, akaone jani moja linavyochukua asubuhi nzima, na kama hanunui hanunui. Msimburure mgeni kwenye duka la mtu kwa sababu ya kamisheni. Tunawalaumu papasi, wale wanaowaganda wageni njiani, kila siku, tunasema wanatuharibia jina, lakini ukimzungusha mgeni maduka manne na kuta mbili, kitambulisho chako kifuani hakikutofautishi na papasi.

Na wageni watataka kwa Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, haina ubaya, alizaliwa hapa 1946, familia yake ikaondoka 1964, wapelekeni. Ila mkishapiga picha pale nje waulizeni swali moja, kwa nini familia ya Kiparsi kutoka India ilikuwa inaishi Shangani, na mmerudi kwenye mji wetu moja kwa moja.

Nakaribia kumaliza. Ziara zote zinaanza Forodhani au Ngome Kongwe, zinaishia Forodhani, kama kwamba mji una uso tu hauna mgongo. Mie naanza Darajani. Jina lenyewe limeshasema, palikuwa na daraja, palikuwa na mkono wa bahari unaoukata mji, huku Mji Mkongwe, kule Ng'ambo, ng'ambo ya maji, walikokaa wengi, waliotumikia, waliobeba mawe, na vibanda vyao vya udongo na makuti. Mkono wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo mpaka ukawa barabara na uwanja, jina likabaki. Msimamishe mgeni pale, aone upande mmoja maghorofa ya chokaa na upande wa pili majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mstari mmoja, madirisha sawa, kila mtu na fleti yake. Mkipenda msipende nayo ni usanifu, na kwa mtu ambae babu yake alilala kwenye kibanda cha makuti ilikuwa ahadi. Mgeni akianzia hapo, akiingia Mkunazini anajua waliojenga mji walikuwa wakirudi kulala wapi.

Basi. Kesho mazoezi ya kwanza ya kutembea ni saa moja na nusu asubuhi, tukutane Darajani upande wa soko la samaki, si Forodhani, na kila mmoja aje na mlango mmoja aliokwisha kuutazama leo jioni, ajue kizingiti chake kimenyooka au kina upinde, kilichoandikwa juu yake ni nini kama kipo, na nani anakaa ndani. Mkikuta mwenye nyumba barazani msalimieni, mwambieni nimewatuma mie, na mkimkuta mzee anakunywa kahawa kaeni nae kidogo mumuulize.